Pikipiki Isiyoshika Mwendo: Tununue Spea au Tutafute Chanzo?

Malalamiko ni yaleyale katika vijiwe vya bodaboda vya katikati ya Dar es Salaam. Pikipiki inatoka Kariakoo vizuri, inapenya Mtaa wa Msimbazi bila shida, inaingia Barabara ya Morogoro pale Fire. Ikishavuka Jangwani na kupita Magomeni barabara inafunguka, dereva anaongeza mafuta, na hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza: inavuta, inalegea, inavuta tena, inakohoa. Mkono wa dereva umetulia palepale, lakini mwendo hautulii.

Akiuliza, kila mtu atamjibu, na kila mtu atakuwa na uhakika. Dereva mwenzake atasema petroli imechakachuliwa. Fundi atasema kabureta imekwisha. Muuza spea atauliza kama plagi aliyofunga ni orijino. Mwenye pikipiki, anayesubiri hesabu yake jioni, ataamini kwamba dereva ameitesa. Majibu yote manne yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanachanganya. Uchambuzi huu unazichukua hoja hizo moja baada ya nyingine, unaangalia nguvu na udhaifu wake, kisha unapima njia ipi inamgharimu kidogo mtu anayetegemea pikipiki kwa riziki.

Dalili moja, vyanzo vingi

Injini huhitaji mambo manne ili izunguke kwa kasi isiyoyumba. La kwanza ni mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, ambao ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. La pili ni cheche kali inayokuja kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo mzuri ndani ya silinda. La nne ni nguvu kufika kwenye tairi la nyuma bila kupotea njiani, kupitia klachi, gia na cheni. Likiyumba lolote kati ya hayo, anachokisikia dereva juu ya kiti ni kilekile: pikipiki haishiki mwendo. Mkanganyiko unaanzia hapo. Aliyewahi kuponya pikipiki yake kwa kubadili plagi huamini plagi ndiyo dawa, na aliyeponya kwa kusafisha kabureta huapa kwa kabureta.

Aina ya pikipiki zetu nayo inachangia. Nchini India, zinakotoka chapa za Boxer na TVS, kanuni za moshi zilizoanza Aprili 2020 ziliwasukuma watengenezaji kuachana na kabureta na kuingia kwenye mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta. Lakini Boxer na TVS zinazobeba abiria wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa bado ni za kabureta. Uzuri wa kabureta ni kwamba fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe akiwa na bisibisi na spana chache. Udhaifu wake ni kwamba haina taa ya kuonya kwamba kuna hitilafu. Lazima mtu aisome kwa dalili.

Tena kabureta haina njia moja tu ya mafuta. Ina tundu dogo linalolisha injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kufunguliwa mafuta, na ina jeti kubwa inayoilisha mafuta yakifunguliwa. Uchafu ukiziba nusu ya jeti kubwa, sailensa inaweza kubaki nzuri kabisa. Sasa mtazame fundi wa Kariakoo, amezungukwa na mikokoteni, wapita njia na mizigo ya jumla. Hana barabara ya kujaribia. Anaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, anapiga kiki, anafungulia mafuta mara mbili tatu tairi likizunguka hewani, anasikiliza, anasema imepona. Hajakosea alichokisikia, ila amepima injini isiyobeba mzigo. Ugonjwa wenyewe unamsubiri dereva Magomeni.

Hoja ya kwanza: tatizo ni petroli

Hoja hii ina historia. Neno kuchakachua lilienea midomoni mwa Watanzania kwa sababu ya petroli na dizeli zilizokuwa zikichanganywa na mafuta ya taa, ambayo kodi yake ilikuwa ndogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Dereva anayeitilia shaka petroli hazushi jambo lisilowahi kutokea.

Kiufundi pia hoja ina mashiko. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kama petroli, na hayavumilii mgandamizo vilevile. Injini hugonga ikibebeshwa mzigo, hutoa moshi, na plagi hujaa masizi. Maji nayo ni adui. Petroli ya chupa ya kandokando ya barabara, au tanki ambalo mpira wa mfuniko wake umechoka, huingiza maji wakati wa masika, na tone moja likikaa kwenye jeti linatosha kuikatisha injini pumzi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba mafuta mabaya hayachagui pikipiki. Madereva kumi wakijaza kituo kimoja asubuhi moja, na ikakohoa moja tu, petroli si mshukiwa wa kwanza. Zaidi ya hapo, shaka hii hupimika bila gharama. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye chombo kisafi cha kioo, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatajitenga na kukaa chini, na mpaka utauona kwa macho. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, ila iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotaka kuondoka. Vipimo hivyo havichukui nafasi ya maabara, lakini vinatosha kumwambia dereva aendelee kulaumu kituo cha mafuta au atazame kwingine.

Hoja ya pili: tatizo ni spea feki

Kariakoo na Gerezani ni stoo ya nchi nzima. Wafanyabiashara wa mikoani hufungasha hapa, na wa nchi jirani kama Zambia, Malawi na Congo pia. Spea mbovu ikiingia kwenye maduka haya, inasafiri mbali. Serikali inalijua hilo, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Madhara yake kwenye mwendo ni ya kweli. Jeti ya kabureta ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba kama sindano. Tundu likitobolewa pana kidogo tu kuliko inavyotakiwa, injini hunyweshwa mafuta kupita kiasi. Likiwa jembamba, hukosa mafuta na kupata joto kali. Klachi pleti za malighafi hafifu huteleza mapema, na koili isiyo na kiwango hutoa cheche nzuri asubuhi kisha hufifia ikishapata moto.

Hata hivyo hoja hii inachanganya mambo mawili. Spea feki ni ile iliyoghushi jina la kampuni nyingine. Kopi ni ile iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe, na zipo kopi zinazodumu. Pia hoja haielezi kwa nini kifaa kilichofanya kazi miezi sita kimegoma leo. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: kipi kimebadilika? Na hatari yake kubwa ni kumpeleka dereva dukani kabla hajajua anachotafuta. Tanki lenye kutu ndani litaziba kabureta orijino vilevile lilivyoziba ile ya kopi. Dereva atakuwa amelipa mara mbili, na kutu bado imo.

Hoja ya tatu: mafundi wanabahatisha

Fundi akisema kabureta imekwisha, wamiliki wengi hujibu kwamba anabahatisha, na mara nyingine ni kweli. Mafundi wengi wa mtaani wamejifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, na anachokijua mkubwa ndicho kinachorithiwa. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari na pikipiki, na pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini. Njia ya kuinua ujuzi ipo.

Lakini kumlaumu fundi peke yake ni kuacha nusu ya habari. Chukua mfano wa mfuniko wa tanki. Mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi, petroli inaposhuka tanki linakosa hewa ya kujaza nafasi, na mafuta yanakataa kushuka. Pikipiki inakwenda kilomita chache vizuri, inaanza kulegea, inazima. Dereva anafungua mfuniko kuangalia kama mafuta yapo, anasikia hewa ikivutwa ndani, anafunga, anapiga kiki, inawaka, na baada ya kilomita chache inarudia. Fundi mwenye jicho atazibua tundu kwa waya mwembamba. Kazi ya dakika mbili. Atalipwa nini? Mara nyingi ni asante. Fundi wa jirani atafunga kabureta mpya na kulipwa ufundi wake, na muuza spea atakuwa ameuza.

Kiini cha jambo kiko hapo. Kariakoo ina bei ya kila kifaa na bei ya kukifunga, lakini haina bei ya nusu saa ya kutafuta chanzo. Fundi anayebahatisha anafanya kile ambacho wateja wamekubali kukilipia.

Hoja ya nne: tatizo ni matumizi

Bodaboda wa katikati ya jiji huendesha kwa kusimama na kuondoka, kubana klachi nusu, kutambaa nyuma ya daladala na kuondoka tena. Mazoea hayo huunguza klachi. Ongeza abiria wa mshikaki au marobota ya nguo kutoka Kariakoo, na klachi inateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hufurika Jangwani, na anayejaribu kuvuka huweza kuingiza maji kwenye eya kilina na breki za dramu. Hewa ya chumvi ya pwani nayo hula viungio vya nyaya kimyakimya.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inatazama maisha yote ya pikipiki badala ya kifaa kimoja. Udhaifu wake ni kwamba hugeuka upesi kuwa lawama. Mmiliki anayetaka hesabu kila siku bila kutenga siku ya kubadili oili, kusafisha eya kilina na kukaza cheni, naye ni sehemu ya chanzo. Dereva hawezi kutunza pikipiki kwa muda ambao hajapewa.

Kubadilisha upesi au kupima kwanza?

Hoja zote nne hatimaye huishia kwenye uamuzi mmoja: badilisha kifaa kinachoshukiwa, au simama upime.

Kubadilisha kuna faida ambayo hatupaswi kuidharau. Ni haraka. Kwa dereva wa mkataba, siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu wala chakula cha nyumbani. Spea ndogo kama plagi ni nafuu, na kuijaribu mpya ni kipimo halali. Hasara inaanza pale vifaa viwili vitatu vinapobadilishwa kwa mpigo. Pikipiki ikipona, hakuna anayejua kilichoiponya. Isipopona, kabureta ya zamani iliyokuwa nzima imeshatupwa, na huenda mpya imekuja na ugonjwa wake.

Kupima nako kuna gharama. Kunahitaji utulivu, barabara ya wazi na fundi anayekubali kusema sijajua bado. Ila matokeo yake hubaki. Dereva aliyejifunza kusoma plagi yake mara moja ataisoma miaka yote.

Somo kutoka pikipiki za safari ndefu

Zipo pikipiki zinazoshika mwendo zenyewe. Kifaa kinachofanya kazi hiyo, kruzi kontroli, asili yake ni mhandisi Mmarekani Ralph Teetor, aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alikerwa na gari alilopanda, lililokuwa likiongeza na kupunguza mwendo kila mara. Hakuhitaji macho kuugundua mwendo usiotulia, aliusikia mwilini, kama dereva wetu anavyousikia juu ya kiti. Mwaka 1958 Chrysler iliweka kifaa hicho kwenye magari yake, na baadaye pikipiki za safari ndefu kama Honda Gold Wing zikakipata.

Kruzi kontroli ikigoma, mwenye pikipiki hushuku kompyuta, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote. Lakini mfumo huo umeundwa ujizime kwa tahadhari. Ukihisi breki imeguswa au klachi imebanwa, unaachia mwendo. Swichi ndogo ya breki ikichakaa au ikijaa vumbi, mfumo hudhani breki imeshikwa muda wote na hukataa kuwaka. Ishara yake mara nyingi iko nyuma, kwenye taa ya breki isiyozimika. Katika Gold Wing za miaka ya 1990, zilizotumia mvuto wa hewa wa injini kuvuta kebo ya mafuta, mrija wa mpira uliopasuka ulitosha kuupoteza mwendo mlimani. Gold Wing ya 2018 ilikuja na mkono wa mafuta unaofanya kazi kwa umeme, na mirija hiyo haina kazi tena, ila swichi za breki bado zina sauti ya mwisho.

Boxer haina kompyuta ya aina hiyo, kruzi yake ni kiganja cha dereva. Somo ni lilelile: kifaa kinachoonyesha tatizo si lazima kiwe ndicho chenye tatizo, na kidogo cha bei rahisi hukaguliwa kabla ya kikubwa cha bei ghali.

Mpangilio unaolipa

Tukizipima hoja zote kwa kigezo hicho, mpangilio wenye faida huanza na visivyogharimu kitu.

Kwanza usalama. Ukiachia mkono wa mafuta, lazima urudi wenyewe mara moja, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Kebo inayonata hutoa mwendo usiotulia na inaweza kuua, hivyo isisubiri kesho.

Pili, tenganisha injini na mwendo. Mngurumo ukipanda lakini pikipiki haiongezi kasi, tazama klachi na uiache kabureta. Mngurumo na mwendo vikishuka pamoja, gusa kwa uangalifu kitovu cha tairi baada ya safari fupi. Kikiwa cha moto kupita kiasi, breki inakamata. Kikiwa cha kawaida, rudi kwenye injini.

Tatu, jaribu mfuniko wa tanki, kisha pima petroli kwa kioo na karatasi kama ilivyoelezwa.

Nne, tumia choki. Pikipiki inapolegea barabarani, vuta choki kidogo. Ikipata nguvu, injini ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti imeziba, chujio limeziba, au hewa inaingia pasipotakiwa. Ikizidi kulegea, mafuta tayari ni mengi: angalia eya kilina.

Tano, soma plagi. Endesha kwa mwendo ambao ugonjwa hutokea, ndani ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini, kisha zima injini huku umebana klachi na uegeshe pembeni. Ikipoa kidogo fungua plagi, uishike kwenye mwanga. Ncha ya rangi ya kahawia inaonyesha mchanganyiko mzuri. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Weupe wa chokaa ni hewa nyingi na joto. Weusi unaong'aa kwa oili unaelekeza kwenye ringi au mpira wa valvu, na hapo kubadili kabureta hakutasaidia.

Sita, angalia saa. Ugonjwa unaokuja injini ikishapata moto na kuondoka ikipoa huelekeza kwenye koili, CDI (kifaa kinachosimamia cheche) au tapeti zilizobana kupita kiasi.

Baada ya hatua hizo ndipo pesa itoke mfukoni: kifaa kimoja kwa wakati mmoja, kile cha zamani kikitunzwa mpaka kipya kithibitishe kazi yake kwenye barabara ileile iliyoonyesha ugonjwa.

Muhtasari

Petroli mbaya ipo, spea feki zipo, mafundi wanaobahatisha wapo, na matumizi mabaya yapo. Hakuna hoja ya uongo kati ya hizo nne, ila kila moja inadai iaminiwe kabla ya kupimwa. Kubadilisha upesi kuna nafasi yake kwa vifaa vya bei ndogo. Kwa kabureta, koili na klachi, kupima ndiko kunakookoa pesa.

Mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Dereva na mmiliki wakubali kumlipa fundi ada ya ukaguzi hata asipofunga kifaa chochote, nao wamtoe Kariakoo mpaka barabara inayofunguka, akaione pikipiki ikiugua. Siku waya mwembamba uliozibua tundu la mfuniko utakapolipwa kama kazi, fundi mwenye jicho atakuwa na sababu ya kulitumia, na dereva atarudi nyumbani na hesabu yake kamili.